Yidnekatchew Tessema na Nafasi Tunazojivunia



Fainali za Kombe la Dunia za 2026 zimepangwa kuwa na timu 48, na kati ya hizo Afrika imetengewa nafasi 9 za moja kwa moja. Morocco, Tunisia, Misri, Algeria, Ghana, Cape Verde, Afrika Kusini, Ivory Coast na Senegal ndizo zilizozinyakua. Tulishangilia sana, hasa kwa ajili ya Cape Verde, nchi ya visiwa ambayo wakazi wake wote ni wachache kuliko wakazi wa jiji la Dar es Salaam. Lakini nimegundua kwamba vijana wengi wanaamini nafasi hizi zilikuja zenyewe, eti FIFA ilitazama ikaona soka la Afrika limekomaa, ikaamua kutuongezea. Hilo si kweli hata kidogo. Nafasi hizi zilidaiwa. Wapo watu waliogombana kwa ajili yake, wakatozwa faini, wakabezwa magazetini, na mmoja wao nataka tumzungumzie leo kwa kirefu kwa sababu jina lake halitajwi inavyostahili katika redio zetu. Anaitwa Yidnekatchew Tessema.

Alizaliwa Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia, mwaka 1921. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa malenga na mwimbaji mashuhuri, mmoja wa Waethiopia wa mwanzo kabisa kurekodi nyimbo kwenye santuri, kazi iliyofanyika Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo kijana huyu alilelewa katika nyumba ya maneno, na maneno ndiyo yaliyokuja kuwa silaha yake. Alikuwa na miaka 14 majeshi ya Mussolini yalipoivamia nchi yake mwaka 1935. Waitalia walikuja na sheria za kuwatenga watu kwa rangi, na utengano huo ukafika mpaka viwanjani. Yidnekatchew aliyaona hayo katika umri ambao mtu hasahau.

Waitalia walipoondoshwa mwaka 1941, mpira wa Addis Ababa ulirudi mikononi mwa wenyewe. Yidnekatchew aliichezea Saint George, klabu kongwe yenye mashabiki wake wa kufa na kuzikana mpaka leo, akawa mshambuliaji wa timu ya taifa, baadaye kocha, baadaye kiongozi. Ndugu msikilizaji, jambo hili si dogo. Wakubwa wengi wa michezo duniani walitoka jeshini, kwenye biashara au kwenye ukoo wa watawala. Huyu alitoka uwanjani.

Sasa twende Khartoum, Februari 1957. Barani Afrika wakati huo nchi zilizokuwa wanachama wa FIFA zilikuwa 4 tu: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Wajumbe wao walikutana katika mji huo kuunda Shirikisho la Soka Afrika, hiyo CAF tunayoijua, na papo hapo wakapanga mashindano ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Yidnekatchew alikuwepo kuiwakilisha Ethiopia. Ratiba ilikuwa nyepesi: Misri icheze na Sudan, Ethiopia icheze na Afrika Kusini, washindi wakutane fainali.

Hapo ndipo mjumbe wa Afrika Kusini, Fred Fell, alipoeleza kwamba serikali yake ingeruhusu timu ya wazungu watupu au timu ya weusi watupu. Timu ya mchanganyiko, hapana. Wenzake wakamwambia kwamba kwa masharti hayo hakuna mechi. Afrika Kusini haikucheza, Ethiopia ikaingia fainali bila kutoa jasho, ikachapwa na Misri mabao 4-0, yote yakifungwa na mtu mmoja, Ad-Diba.

Hebu tuitazame tarehe hiyo vizuri. Februari 1957 Ghana ilikuwa bado haijapata uhuru; ilikuwa imebakiza wiki chache. Tanganyika, Kenya, Uganda, Kongo, zote zilikuwa chini ya wakoloni. Mauaji ya Sharpeville, huko Afrika Kusini, yalikuwa bado miaka 3 mbele. Vyombo vikubwa vya kimataifa vilikuwa vikiwachekea Makaburu mezani. Na shirikisho changa lenye wanachama 4, lisilo na fedha, linampoteza mmoja wao siku ya kwanza kwa sababu ya utu. Kwa maoni yangu, CAF haijawahi kufanya uamuzi mwingine wenye uzito kama ule.

Miaka 5 baadaye, Januari 1962, Addis Ababa ilikuwa mwenyeji wa mashindano hayohayo na Yidnekatchew ndiye aliyekuwa kocha wa Ethiopia. Hata jirani zetu Uganda walikuwepo, wakicheza kwa mara ya kwanza, miezi kadhaa kabla ya bendera yao ya uhuru kupandishwa. Fainali ilizikutanisha tena Ethiopia na Misri, wakati huo ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Misri waliongoza mara mbili, na mara mbili wenyeji wakasawazisha, bao la pili la kusawazisha likipatikana dakika za lala salama. Muda wa nyongeza Waethiopia wakaongeza mawili, mchezo ukaisha 4-2, na Mfalme Haile Selassie akamkabidhi nahodha kombe.

Nahodha huyo alikuwa Luciano Vassalo, mzaliwa wa Asmara, baba yake Mwitaliano na mama yake Mweritrea. Mdogo wake, Italo, alikuwa uwanjani pamoja naye na alifunga bao la tatu. Nchi iliyotawaliwa na Waitalia kwa mabavu miaka 20 tu nyuma yake ilimvika unahodha kijana mwenye jina la Kiitalia, ikashangilia alipolinyanyua kombe. Sidhani kama kuna hotuba ambayo ingeweza kuwajibu Makaburu vizuri kuliko timu ile.

Sasa, msikilizaji, tufike kwenye kiini cha mazungumzo haya.

Januari 1964 FIFA ilitangaza mgawanyo wa nafasi 16 za Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza. Ulaya ilipata 10, Uingereza mwenyeji akiwemo. Amerika Kusini ikapata 4, pamoja na Brazil bingwa mtetezi. Amerika ya Kaskazini na Kati ikapata 1. Ile iliyobaki, moja tu, ikawekewa Afrika, Asia na Oceania kwa pamoja. Yaani bingwa wa Afrika, akishamaliza kuwatoa Waafrika wenzake wote, alitakiwa akapambane tena na bingwa wa Asia na Oceania ndipo apande ndege ya London. Kana kwamba hiyo haitoshi, Afrika Kusini, ambayo Waafrika walikuwa wamekataa kucheza nayo, FIFA iliipangia kundi la huko Asia na Oceania ili iendelee kushiriki kama kawaida. Rais wa FIFA wakati huo, Mwingereza Sir Stanley Rous, alikuwa amekwenda Afrika Kusini mwaka 1963, na baada ya safari hiyo adhabu ya kuisimamisha nchi hiyo, iliyotolewa 1961, ikaondolewa.

Wahenga walituambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yidnekatchew na mwenzake wa Ghana, Ohene Djan, walikataa kuinama. Walitaka Afrika ipewe nafasi yake yenyewe, la sivyo hakuna timu ya Afrika itakayocheza hata mechi moja ya mchujo. Rous hakusogea. Timu 15 za Afrika zilizokuwa zimejiandikisha zikajitoa zote. FIFA ikajibu kwa faini.

Kususa ni rahisi kukutamka mdomoni, ni kugumu kukutenda, na kugumu zaidi kukitendwa na wengi kwa pamoja. Serikali changa zilikuwa na kiu ya kuonekana duniani. Ghana ndiyo iliyokuwa bingwa wa Afrika, timu kali kwelikweli, na wachezaji wake walikuwa katika umri wao wa dhahabu. Mpira haungoji, mtu aliyeikosa 1966 akiwa na miaka 27 hana uhakika wa 1970. Hata hivyo hakuna aliyevunja mstari. Barua, simu za maandishi, vikao, safari, kumbembeleza huyu na kumkemea yule: hiyo ndiyo kazi ambayo haipigwi picha, na Yidnekatchew alikuwa bingwa wake.

Fainali zenyewe zikachezwa pasipo timu hata moja ya Afrika. Lakini Afrika ilikuwemo, na hapa naomba utege sikio. Mfungaji bora wa mashindano yale, mwenye mabao 9, alikuwa Eusébio, mzaliwa wa Lourenço Marques, mji tunaouita leo Maputo. Nahodha wake, Mário Coluna, naye mzaliwa wa Msumbiji. Wote walivaa jezi ya Ureno kwa sababu nchi yao ilikuwa koloni la Ureno. Katika robo fainali uwanjani Goodison Park, Liverpool, Korea Kaskazini, iliyoichukua nafasi ile moja baada ya Waafrika kujitoa, iliongoza 3-0. Eusébio akaokota mpira wavuni mwenyewe, akaurudisha katikati, akafunga manne. Ureno ikashinda 5-3. Kwa hiyo timu iliyokalia kiti chetu ilitolewa na kijana wetu, na sifa yote ikaandikwa kwa jina la mtawala wake. Coluna baadaye alirudi nyumbani, akaliongoza shirikisho la soka la Msumbiji huru.

Je, kususa kulileta nini? Mwaka 1970, Mexico, Afrika ilipewa nafasi moja kamili, ikachukuliwa na Morocco. Mwaka 1974 ikaenda Zaire, ambayo kichapo chake cha 9-0 mbele ya Yugoslavia kiliwapa la kusema wale waliodai kwamba Afrika haikustahili. Miaka 4 baadaye Tunisia ikaifunga Mexico 3-1, ushindi wa kwanza wa Afrika katika fainali hizo. Mwaka 1982 nafasi zikawa 2: Algeria ikaifunga Ujerumani Magharibi 2-1, Cameroon ikarudi nyumbani bila kufungwa mchezo wowote. Mwaka 1986 Morocco ikaongoza kundi lake na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuvuka hatua ya makundi. Yidnekatchew aliyashuhudia yote hayo, na kuanzia 1972 mpaka alipofariki Agosti 1987 alikuwa ndiye Rais wa CAF.

Alikuwa ameielewa FIFA kuliko walioijenga. Katika mkutano mkuu wake kila nchi ina kura moja. Kura ya Ethiopia ina uzito uleule wa kura ya Uingereza. Rous aliuona utaratibu huo kuwa kero. Yidnekatchew aliuona kuwa mlango. Kadiri nchi za Afrika zilivyopata uhuru, ndivyo kura zilivyoongezeka, ilimradi zipigwe kwa pamoja. Mwaka 1974 jijini Frankfurt, João Havelange wa Brazil alimwangusha Rous, na kura za Afrika zilichangia sana. Ahadi zilikuwa mbili: nafasi zaidi, na Afrika Kusini kuzuiwa mpaka ubaguzi uishe. Miaka 2 baadaye, katika mkutano wa Montreal, Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa FIFA.

Montreal, Julai 1976. Msikilizaji wa Tanzania anaujua mwezi huo kwa sababu nyingine. Ndio mwezi wa Michezo ya Olimpiki ambayo nchi nyingi za Afrika zilisusia, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini na bado ikakaribishwa Olimpiki. Filbert Bayi ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500: dakika 3 na sekunde 32.16, aliyoiweka Christchurch mwaka 1974 akiongoza tangu mlio wa bastola, huku Mnewzealand John Walker akimfukuza mpaka utepeni. Ulimwengu mzima ulikuwa unalisubiri pambano lao la Montreal. Halikuwepo. Walker alichukua dhahabu, Bayi akabaki nje. Mwaka 1980 Moscow alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, lakini ile ya mita 1,500 ilikwisha pita.

Mimi nasema wazi kwamba Tanzania ilifanya sawa. Nasema pia kwamba hatujawashukuru vya kutosha waliolipa. Mwanasiasa anayesusa hupoteza hotuba moja; mwanariadha hupoteza mwaka ambao mwili wake hautampa tena.

Yidnekatchew alikuwa na jambo jingine lililomnyima usingizi: kuhama kwa wachezaji. Alionya mara kwa mara kwamba Afrika ikiwaachia vijana wake bora waende zao wote, itabaki kuwa muuzaji wa malighafi milele, katika mpira kama katika mazao. Kwa miaka mingi kanuni za CAF ziliruhusu kila timu ya taifa kuwatumia wachezaji wawili tu wanaocheza nje ya Afrika. Hapa siko naye. Kanuni ile ilimwadhibu kijana aliyekwenda kutafuta riziki, ikawaacha waliomlazimisha kuondoka: viwanja vibovu, mishahara isiyolipwa, viongozi wanaokula mapato ya mlangoni. Ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilistahili kufutwa. Morocco iliyofika nusu fainali Qatar mwaka 2022 ilikuwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya nchi, watoto wa wahamiaji walioamua kuchezea nchi ya wazazi wao. Njia ile ya kwendea ikawa pia njia ya kurudia.

Lakini onyo lenyewe bado liko hai. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nyumbani kwao, na umati uliojazana Kasarani na kwa Mkapa ulituonyesha kwamba mashabiki wetu wako tayari kuwapenda wachezaji wa hapahapa. Ligi zetu zikilipa vizuri, vijana hawatahitaji kanuni ya kuwazuia.

Na tuseme la mwisho lililo chungu. Huyo Havelange tuliyempigia kura aliifungulia FIFA milango ya fedha za matangazo, na miaka mingi baadaye nyaraka za waendesha mashtaka wa Uswisi zilionyesha kwamba naye alipokea mamilioni kutoka kampuni iliyouziwa haki za matangazo. Zile kura moja-moja ambazo Yidnekatchew alizifanya kuwa nguvu ya wanyonge, baada yake ziligeuka bidhaa mikononi mwa baadhi ya viongozi wetu wenyewe. Utaratibu ni uleule. Waliobadilika ni watu. Yeye alikufa bila kashfa ya namna hiyo, na bila kuiona Afrika Kusini ikirudi FIFA 1992, wala nahodha wake mzungu, Neil Tovey, akilinyanyua Kombe la Afrika 1996 mbele ya Mandela, katika timu ya rangi zote. Timu ileile iliyokataliwa na serikali yao mwaka 1957.

Ndugu msikilizaji, Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mashindano hayo hayajakanyaga Afrika Mashariki tangu Ethiopia ilipoyaandaa 1976. Nina ombi kwa mashirikisho yetu matatu na kwa wenzangu wa redio na televisheni. Wapo wazee wanaoikumbuka miaka ile: wachezaji waliozuiwa, wanariadha waliorudishwa, makatibu walioandika barua, watangazaji waliosoma taarifa za kususa. Wanapungua kila mwaka. Tuwafuate majumbani kwao, tuwarekodi sasa, na sauti zao zirushwe hewani kabla ya mechi ya kwanza. Na wewe unayenisikiliza, kama una baba, babu au mjomba wa kizazi hicho, usisubiri redio ije. Keti naye jioni ya leo, umuulize.